Umeolewa na mzazi amefariki? Hivi ndivyo unafuata haki yako ya urithi Kenya, hatua kwa hatua

Kila nikikaa na wadada wenzangu swali ni lile lile, "mimi nilishaolewa, mahari ikalipwa, sasa mzee amefariki, kwani bado naweza dai kitu kwetu?" Jibu ni ndio, unaweza, na hiyo ndio haijaanza juzi. Sheria ya Urithi ya Kenya, ile Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981 na mahali inataja watoto inasema watoto tu, haijauliza kama ni kijana ama msichana, haijauliza kama una pete kidoleni. Halafu ikaja Katiba ya 2010, kifungu cha 27, kinakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya jinsia na pia kwa sababu ameolewa ama hajaolewa, yote mawili yametajwa wazi. Kwa hivyo kwa sheria uko sawa kabisa. Mahali binti aliyeolewa huangukia ni kwa karatasi, jina lako linaachwa nje ya barua ya chifu, halafu baadaye saini yako inatafutwa mbio mbio kwa fomu ambayo hujasoma. Hayo yamenipata mimi mwenyewe na nitaeleza, ndio maana hapa nitakaa sana kwa hizo karatasi na mengine nitayapitia haraka.

Nazungumzia Kenya, na zaidi mzazi ambaye hakuacha wosia, manake wengi wetu wazee wetu hawaandiki. Habari ya wosia, ya Waislamu, na ya watu wa Kajiado, Narok na kule kaskazini iko chini huko, kila moja mahali pake.

Kwanza jua utakachojibu ukiambiwa "wewe utakula kwa mume wako"

Hii utaambiwa, jiandae. Utaambiwa na ami, utaambiwa na kaka mliyenyonya titi moja, wakati mwingine na mama mwenyewe. Usipigane, jibu pole pole na mifano.

Kuna kesi ya Rono, iliamuliwa na Mahakama ya Rufaa kule Eldoret mwaka 2005. Mzee alikuwa na wake wawili, vijana watatu na mabinti sita, na shamba kubwa Uasin Gishu. Mahakama Kuu ilikuwa imegawa kila kijana ekari 30 na kila binti ekari 5, sababu moja ikiwa ati wasichana wanaweza kuolewa waende zao. Mahakama ya Rufaa ikakataa hiyo hesabu, ikasema sheria haina hiyo kitu, watoto wa kike wakapata sawa na wa kiume. Mwaka 2008 Jaji Makhandia naye akaamua wazi kwamba sheria haitofautishi binti aliyeolewa na ambaye hajaolewa wakati wa kugawa mali ya mzazi. Hizi hukumu ziko bure kwa tovuti ya Kenya Law, mtu yeyote anaweza kusoma, hata ami akitaka chapisha umpelekee.

Na hii hoja ya "ameshaolewa" haiko kwetu peke yetu. Kule India mfanyakazi wa serikali akifa akiwa kazini mmoja wa familia anaweza kupewa kazi ya huruma ili nyumba isilale njaa, lakini jimbo la Karnataka kanuni yake ilikuwa ikihesabu kijana hata akiwa ameoa, na binti akiwa tu hajaolewa. Desemba 2020 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikalifuta hilo neno "hajaolewa", ikasema kama kuoa hakumtoi kijana kwa familia ya babake basi kuolewa hakuwezi kumtoa binti. Huwa nawaambia watu hivyo hivyo, kaka yako ana bibi na watoto watatu na hakuna mtu amemuuliza kama bado ni mtoto wa baba.

Hatua ya 1: Cheti cha kifo, na karatasi za kuonyesha wewe ni mtoto

Kibali cha kuzika hakitoshi, unahitaji cheti chenyewe cha kifo. Nakala moja ikae kwako, wewe binafsi, usitegemee ile ya kaka, manake siku mkikosana hiyo karatasi itapotea.

Halafu tafuta karatasi zako. Cheti cha kuzaliwa chenye jina la mzazi ndicho kinashinda vyote. Kama huna, anza kukitafuta mapema kwa ofisi ya usajili wa vizazi, na ukisubiri kusanya kadi ya ubatizo, cheti cha shule, chochote cha zamani chenye jina la baba ama mama. Kama ulibadilisha jina ukiolewa, kitambulisho kinasoma jina la mume na cheti cha kuzaliwa kinasoma la baba, basi weka cheti cha ndoa pamoja nazo na uape kiapo cha maandishi, ile afidaviti, kwamba hayo majina mawili ni mtu mmoja. Hii inaonekana ndogo lakini nimeona dada akizungushwa miezi kwa sababu ya herufi moja kwa jina.

Hatua ya 2: Orodha ya mali, na sachi ufanye wewe

Andika kila kitu unachojua, shamba, ploti, akaunti za benki, hisa, pesa za sako, gari, ng'ombe, nyumba za kukodisha na nani anakusanya kodi saa hii. Shamba na ploti nenda registri ya ardhi ya kaunti na namba ya taito ufanye sachi. Huhitaji ruhusa ya kaka kufanya sachi. Itakuonyesha jina la mwenye shamba, ukubwa, na kama kuna deni la benki ama zuio juu yake.

Angalia vitu viwili hapo. Kwanza, je, shamba liko kwa jina la baba ama bado liko kwa jina la babu? Kama ni la babu mtaanza na urithi wa babu kwanza, na hapo mashangazi zako nao wanaingia, wao pia ni mabinti wa mtu. Pili, kama baba na mama walikuwa wameandikishwa pamoja kwa ule umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa inabaki kwa mwingine, basi hilo shamba ni la mama sasa, haliingii kwa mirathi ya baba.

Pesa za pensheni ya kazini mara nyingi zina njia yake, baba alijaza fomu ya kutaja wa kulipwa na skimu inafuata hiyo, haziingii kwa mali ya kugawa. Nenda kazini kwake uulize aliandika nani.

Hatua ya 3: Kama unaona mtu ana haraka ya kuuza, weka zuio

Usingoje. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 71, inaruhusu mtu mwenye maslahi kwa ardhi kuweka zuio kwa registri, ile watu huita koshen. Unajaza fomu, unaapa unaeleza wewe ni mtoto wa marehemu, unaambatanisha cheti cha kifo na cha kuzaliwa. Likishaingia, shamba haliuzwi kimya kimya. Na kama kuna mtu tayari anauza, anakata miti, anakodisha shamba la marehemu bila ruhusa ya korti, hiyo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, faini hadi shilingi 10,000 ama kifungo hadi mwaka mmoja ama vyote viwili. Faini ni kidogo najua, lakini kuitwa kituoni kuandika taarifa huwa kunatuliza watu.

Hatua ya 4: Barua ya chifu

Hapa ndipo mlango unapofungwa ama kufunguliwa, kwa hivyo nisikilize.

Korti ikiletewa ombi la mirathi inataka kujua marehemu aliacha nani, na katika vijiji vyetu inaletewa barua ya chifu yenye majina ya familia yote. Sheria, kifungu cha 51, inataka majina ya watoto wote walio hai, na kama kuna mtoto aliyefariki basi na watoto wake. Wote. Lakini ile barua huandikwaje? Kikao kinafanyika nyumbani siku chache baada ya mazishi, hema bado halijang'olewa, mzee mmoja anashika daftari na kuanza kuita majina, na anaita vijana. Kwetu ilikuwa hivyo. Nilikuwa nyuma ya nyumba na dada zangu tunaosha sufuria za matanga, tukasikia majina mawili yakiitwa, ya kaka zetu, halafu sala, halafu watu wakainuka. Tulikuwa watoto sita. Wanne tulikuwa pale kwa karai na maji ya sabuni hadi kwa viwiko, na hakuna mtu aliyekuja kutuita.

Kwa hivyo fanya hivi. Siku ya hicho kikao usiende jikoni. Kaa kwa kiti, majina yakiitwa inua mkono useme kwa heshima, "ami, naomba na sisi tuandikwe, tuko wanne". Usitaje ekari siku hiyo, usitaje kugawana, omba jina tu. Ni vigumu mtu kukataa mbele ya watu kwamba wewe ni mtoto wa marehemu, lakini ukisema "shamba" watasimama wote.

Halafu usiache barua iende na kaka peke yake. Nendeni kwa chifu hata mkiwa mabinti wawili, mbebe vyeti vya kuzaliwa na kopi za vitambulisho, na umwombe chifu akusomee majina kabla hajapiga muhuri. Kama akisema "hawa wameolewa hatuwaandiki", mwambie kwa upole kwamba barua ni ya kutaja watoto wa marehemu, kugawa ni kazi ya korti. Akikataa kabisa panda kwa ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, na hata hapo wakikuzungusha usikate tamaa, unaweza kuapa afidaviti yako uieleze korti moja kwa moja. Barua ya chifu inasaidia korti lakini haiwezi kumfuta mtoto. Omba kopi, ama piga picha na simu ukiwa hapo hapo kwa kaunta.

Hatua ya 5: Nani aombe, na korti gani

Mke ama mume aliyebaki ndiye hupewa kipaumbele kuomba usimamizi wa mali ya marehemu, halafu watoto, na kati ya watoto hakuna mkubwa kwa mdogo wala kijana kwa binti. Wasimamizi wanaweza kuwa hadi wanne. Kama kuna mtoto mdogo anayerithi lazima wawe angalau wawili. Ushauri wangu, binti mmoja awe ndani, hata mkiaminiana vipi, kwa sababu msimamizi ndiye anapata barua za korti, ndiye anajua tarehe, ndiye anaona faili. Kuwa msimamizi hakumfanyi mtu awe mwenye mali, na hilo kaka wengi hawajui ama wanajifanya hawajui.

Mali ya thamani ya hadi milioni 20 inaweza kusikizwa na hakimu kulingana na cheo chake (hakimu wa chini kabisa mwisho wake ni milioni 5), zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Wakili si lazima, lakini kama kuna ugomvi tafuta. Kama pesa hakuna, FIDA Kenya wanasaidia wanawake na wana ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu, na Kituo Cha Sheria pia wanasaidia wasiojiweza.

Hatua ya 6: Fomu za saini, ziko mbili na hazifanani

Kama hatua ya chifu ndio mlango, hii ndio kufuli.

Fomu ya kwanza ni namba 38. Hiyo inasema wewe, mwenye haki sawa ya kuomba usimamizi, unakubali fulani aombe. Ukiisaini hujatoa fungu lako, umekubali tu mtu mwingine abebe faili. Kama unamwamini, saini, kazi iende.

Fomu ya pili ni namba 37, na inakuja baadaye sana, wakati wa kuthibitisha granti, ile karatasi ya korti inayompa msimamizi mamlaka juu ya mali. Hiyo inasema unakubali mgawo jinsi ulivyopangwa. Na sikiza hii, kama warithi wote wamesaini hiyo fomu na hakuna aliyepinga, korti inaweza kuthibitisha bila kuwaita kabisa. Yaani hakimu hatakuona, hatakuuliza, ataona saini.

Mimi ndivyo niliumia. Kaka yangu alinitembelea kwangu na bahasha ya kaki, jioni, nimeinua ugali kwa jiko, mtoto analia, akasema ni karatasi za benki za mzee, weka saini hapa na hapa, wakili anafunga ofisi kesho. Ukurasa ulikuwa umekunjwa sehemu ya juu haionekani. Niliweka saini nikisimama, karatasi iko juu ya kifuniko cha sufuria kwa sababu meza ilikuwa na unga. Baada ya karibu mwaka nikaenda kortini kuuliza, nikapewa faili nisome kwa kaunta, na pale ndani kulikuwa na shamba la ekari sita limegawanywa mara mbili, tatu tatu, na chini yake majina yetu sisi wanne, na yangu, na saini yangu kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba tumekubali.

Basi sheria zangu za saini ni hizi, na nawaomba mzichukue hivyo zilivyo. Usisaini karatasi iliyokunjwa. Usisaini fomu yenye nafasi tupu ambayo itajazwa baadaye. Tafuta namba ya fomu, kwa kawaida iko juu, kama ni 37 uliza jedwali la mgawo liko wapi na jina lako limeandikiwa nini. Piga picha kila ukurasa. Afidaviti inaapwa mbele ya kamishna wa viapo, kwa hivyo mtu akikuletea nyumbani usaini halafu "itapigwa muhuri kesho", hiyo si kiapo. Na ukiambiwa ni haraka, hiyo haraka yenyewe ndiyo sababu ya kulala nayo usiku mmoja.

Kuna dada ambao wanataka kwa hiari yao kuachia kaka fungu, labda kaka ndiye alimuuguza mzee, labda wewe umejaliwa. Hakuna mtu anakukataza. Lakini ufanye kwa kusema mwenyewe mbele ya korti ama kwa maandishi yanayoeleza wazi unachoacha, usiachishwe kwa bahasha.

Hatua ya 7: Gazeti la serikali, siku 30

Ombi likishaingia linatangazwa kwa Kenya Gazette na watu wanapewa siku zisizopungua 30 za kupinga. Gazeti hutoka Ijumaa na linasomeka bure kwa tovuti ya Kenya Law. Kama una wasiwasi kuna mtu anafanya hii kitu kisiri, jizoeze kutafuta jina la marehemu humo kila wiki, ukilipata utaona namba ya kesi na korti. Hapo unaenda registri ya hiyo korti unaweka pingamizi ndani ya siku zilizotajwa. Unaweza pia kuweka kaveati kortini hata kabla ya ombi kuletwa, ili likiletwa ujulishwe kwanza.

Hatua ya 8: Kuthibitisha granti, na hesabu yenyewe

Granti ikitoka watu hufikiri ni ruhusa ya kuuza. Hapana. Shamba haliwezi kuuzwa wala kugawanywa kabla granti haijathibitishwa, na kwa kawaida hiyo ni baada ya miezi sita. Siku ya kuthibitisha nenda, hata kama hujaitwa, kaa ndani, kesi ikiitwa simama useme wewe ni nani.

Mgawo wa bila wosia uko hivi. Wazazi wote wameenda, watoto wanagawana sawa, kifungu cha 38, mwisho wa maneno. Kama mama yuko hai na alikuwa mke mmoja, mama anapata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyobaki anaitumia maisha yake yote lakini si ya kuuza anavyotaka, ardhi ikiuzwa lazima korti ikubali. Watoto wanasubiri, wote kwa usawa. Kaka akisema "mama amenipa", jua kifungu cha 35 kinamruhusu mama kuwapa watoto sehemu ya hiyo mali akiwa hai, lakini mtoto anayeona ameonewa anaweza kuomba korti iangalie.

Kama mzee alikuwa na wake wengi, mnahesabu vichwa kwa kila nyumba na kila mke aliye hai anahesabiwa kama kichwa. Tuseme nyumba ya kwanza mama yuko na watoto wanne, hiyo ni tano. Nyumba ya pili mama yuko na watoto wawili, tatu. Jumla nane. Shamba la ekari 16 linakuwa 10 kwa nyumba ya kwanza na 6 kwa ya pili. Ukiona kwenye hiyo hesabu mabinti hawajahesabiwa, nyumba yenu yote inapunjwa, na hapo hata kaka yako wa damu atakuwa upande wako haraka sana.

Na kama mzee alishampa mtoto mmoja ploti akiwa hai, hiyo inaingizwa kwa hesabu yake, kifungu cha 42. Hiyo inakata pande zote, kama ni wewe ulipewa sema ukweli.

Kama kuna wosia na umeachwa nje

Mtu ana uhuru wa kuandika wosia anavyotaka, lakini kifungu cha 26 kinakuruhusu wewe mtoto kuomba korti ikuangalie kama hukuachiwa cha kutosha. Huhitaji kuonyesha kwamba mzee alikuwa anakulisha. Ila ombi liingie kabla granti haijathibitishwa, baada ya hapo mlango umefungwa.

Kama ni familia ya Kiislamu

Ndugu zangu wa Pwani na kaskazini, mirathi yenu inafuata sheria ya Kiislamu na Mahakama ya Kadhi inasikiza kama wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Fungu la binti ni nusu ya la kaka yake, lakini ni fungu lililowekwa, na ndoa hailigusi. Baada ya madeni na wasia, kijana mmoja na mabinti wawili peke yao, kijana anachukua nusu na kila binti robo. Anayemwambia binti wa Kiislamu kwamba ameolewa kwa hivyo hana kitu, huyo hana aya ya kumuonyesha.

Kama shamba liko Kajiado, Narok, Samburu, Turkana na kaunti kama hizo

Vifungu vya 32 na 33 viliacha ardhi ya kilimo na mifugo ya maeneo hayo chini ya mila. Wazee watakutajia hilo. Wewe taja kesi ya Ntutu, Mahakama Kuu 2008, shamba la Narok, familia ya Kimaasai, mabinti walipingwa kwa mila na Jaji Rawal akasema mila inayowanyima mabinti haki haitatumika. Na hiyo ilikuwa kabla ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu cha 2 kinasema mila inayopingana nayo ni batili. Kikao cha wazee si kibaya, Katiba inakitambua, lakini hakiwezi kuamua kinyume na haki za msingi.

Kama walishamaliza bila wewe

Bado kuna njia, na ndio nilifuata. Kifungu cha 76 kinasema granti inaweza kubatilishwa wakati wowote, hata kama imeshathibitishwa, kama ilipatikana kwa kusema uongo ama kuficha jambo muhimu, na kuficha watoto ni jambo muhimu. Unaleta ombi kwa fomu namba 107 na afidaviti yako, cheti cha kuzaliwa, barua yoyote, picha za mazishi ukiwa umesimama na familia, programu ya mazishi ile yenye majina ya watoto (wengi hawajui hiyo karatasi ina nguvu, ndugu zako ndio waliichapisha na wewe uko ndani).

Lakini kimbia. Mtu aliyenunua kwa nia njema kutoka kwa msimamizi analindwa na kifungu cha 93 hata granti ikifutwa baadaye, kwa hivyo siku unagundua, zuio kwa registri ya ardhi lije kwanza, kesi ifuate.

Korti inaweza kuwapeleka kwa upatanishi. Enda. Kwetu ndipo kaka yangu mdogo alikubali kusema mbele ya mpatanishi kwamba ile karatasi ya kwa bahasha ilikuwa imekunjwa makusudi, na akalia. Ilichukua miaka mitatu, granti ikabatilishwa, tukaanza upya, ekari sita watu sita.

Hatua ya mwisho: Taito iwe yako

Cheti cha kuthibitisha granti si taito. Wadada wengi wanarudi nyumbani na hicho cheti wanakiweka kabatini miaka kumi, na shamba bado linasoma jina la marehemu. Pelekeni kwa registri ya ardhi, lete mpima, kata mipaka mkiwa wote hapo, panda mawe ya mpaka na upige picha. Kila mtu alipe sehemu yake ya mpima ili baadaye mtu asiseme alikulipia.

Taito ikitoka usiichukue na kuondoka, isome hapo kwa kaunta. Jina liwe kama liko kwa kitambulisho, namba ya kitambulisho iwe sawa, na ukubwa umeandikwa kwa hekta kwa hivyo ekari moja ni kama 0.4, usishtuke. Halafu baada ya wiki chache rudi ufanye sachi nyingine uone registri inasema kile taito inasema. Yangu inasoma hekta 0.40. Iko kwa sanduku la bati chini ya kitanda, na kopi iko kwa dada yangu mkubwa.